Kumpenda Bila Kumshika: Familia, Mwisho wa Juma na Sokwe wa Gombe



Wapendwa mafrateri na ndugu waamini, sisi tunaoandika makala hii ni mume na mke, wazazi wa watoto watatu, waamini wa parokia moja ya mjini Kigoma. Sisi si wataalamu wa wanyama wala wa taalimungu. Tunaandika kwa sababu nyumbani kwetu kuna jambo moja ambalo watoto hawachoki kulizungumza, nalo ni sokwe. Kuna na jambo jingine ambalo sisi wazazi tumeamua kulishikilia, nalo ni kutoka pamoja kama familia kila mwisho wa juma. Mambo hayo mawili yamekutana na kutupa maoni ambayo tunapenda kuyaweka mbele yenu. Maoni yenyewe ni haya: mtoto anayefundishwa kumpenda sokwe bila kutaka kumshika wala kummiliki anajifunza namna ya kupenda kiumbe chochote, na hata namna ya kumpenda binadamu mwenzake. Na anayepaswa kumfundisha hilo ni mzazi aliye tayari kutembea naye.

Tuanze na mwisho wa juma wenyewe. Katika mji wetu, kama katika miji mingi ya Tanzania, Jumamosi na Dominika zinakuwa zimejaa kabla hazijafika. Jumamosi asubuhi ni ibada ya Jumuiya, halafu kufua, shamba, msiba, kikao cha michango ya harusi. Dominika ni Misa Takatifu, halafu baba anakwenda kuangalia mpira, mama anarudi jikoni, na watoto wanapewa simu ili wakae kimya. Hakuna dhambi katika kufua wala katika mpira. Lakini mwaka mzima ukipita hivyo, watoto wanakua wakiwa wamelala nyumba moja na wazazi wao bila kutembea nao njia moja.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Kitume Dies Domini wa mwaka 1998, alifundisha kwamba Dominika ni siku ya Bwana na pia ni siku ya mwanadamu: siku ya furaha, mapumziko na mshikamano. Alikumbusha pia kwamba mapumziko hayo yanatupa nafasi ya kuyaona upya mazuri ya maumbile, ambayo siku za kazi tunayapita bila kuyatazama. Kwa hiyo familia inayotoka Kanisani na kwenda kukaa ufukweni mwa ziwa haijaiacha Dominika nyuma. Bado iko ndani yake.

Na matembezi hayahitaji fedha nyingi. Jumamosi moja tunapanda daladala kwenda Ujiji, kwenye kumbukumbu ya David Livingstone, mahali alipokutana na Henry Stanley mwaka 1871. Hapo tunawaeleza watoto kwamba Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya watumwa waliovushwa ziwa kutoka Kongo, na kwamba Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walifika hapo mwaka 1879. Jumamosi nyingine tunashuka Katonga kuwatazama wavuvi na dagaa wao. Dominika baada ya Misa ya kwanza tunabeba ugali wa muhogo na migebuka, tunakaa mahali penye kivuli, tunakula kwa mikono tukiangalia maji. Mara nyingine tunaishia Kibirizi, ambako boti za kwenda vijiji vya kaskazini hupakia abiria na magunia. Boti hizo hupita mbele ya Gombe, na hapo ndipo mazungumzo ya sokwe huanza upya.

Kwa wasomaji walio mbali, Gombe ni hifadhi ndogo, ukanda mwembamba wa milima na mabonde kati ya Ziwa Tanganyika na kilele cha safu ya milima, kilometa zipatazo 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Humo wanaishi sokwe, ambao wengine huwaita sokwe mtu. Sokwe si nyani wala tumbili. Hana mkia, hujenga kitanda kipya cha matawi juu ya mti karibu kila jioni, na mama humnyonyesha na kumbeba mtoto wake kwa miaka mingi, kiasi kwamba kutoka uzazi mmoja hadi mwingine hupita kama miaka mitano.

Dunia ilianza kuwafahamu sokwe hao tarehe 14 Julai 1960, siku ambayo Jane Goodall, binti Mwingereza mwenye umri wa miaka 26, alishuka kutoka kwenye boti pale Gombe. Hakufika peke yake. Alikuja na mama yake, Vanne, kwa sababu wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae msituni peke yake. Binti alipanda milima kuwatafuta sokwe, na mama alibaki kambini akiwagawia wavuvi dawa alizokuwa nazo. Mwaka huohuo Jane Goodall alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka ujiti wa nyasi ndani ya kichuguu na kuvua mchwa. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wakisema kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya mwanadamu peke yake.

Sisi wazazi tunavutiwa zaidi na mambo yaliyotangulia hayo. Jane akiwa mtoto mdogo sana, baba yake alimpa mwanasesere wa sokwe aliyeitwa Jubilee, na akampenda mno. Alipokuwa na umri wa miaka kama minne, familia ilikwenda kutembea shambani. Mtoto akapotea kwa saa kadhaa. Kumbe alikuwa amejificha ndani ya banda la kuku, ametulia kimya, akingoja aone yai linatokea wapi. Watu wazima walikuwa wamemtafuta kila mahali. Alipotokea mbio, mwili umejaa majani makavu, mama yake alimwona macho yanavyong'aa, akaketi na kumsikiliza aeleze jinsi kuku anavyotaga. Jane Goodall alikuwa akiisimulia habari hiyo hata uzeeni, mpaka alipofariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Alisema kwamba mama mwingine angeweza kumchapa, na hamu ile ingezimika palepale. Wazazi wenzetu, tuone ukubwa wa jambo hili: kazi iliyofanyika hapa Kigoma kwa miaka zaidi ya 60 ina mizizi yake katika matembezi ya familia na katika mama aliyekuwa na muda wa kusikiliza.

Sasa tuje kwenye swali gumu. Katika simu zetu zinapita video nyingi za watoto wa sokwe waliovalishwa kaptula na nepi, wakinywa soda kwa mrija, wakikumbatiwa na watu. Watoto wetu walizipenda. Siku moja yule wa mwisho akauliza, "Baba, kwa nini tusimlete mmoja nyumbani tumlee?"

Swali kama hilo halifai kuchekwa likaachwa. Linastahili jibu la kweli, hata kama jibu linauma. Mama sokwe hamwachii mtu mtoto wake. Ili mtoto achukuliwe porini, kwa kawaida mama huuawa, na mara nyingi huuawa na wengine waliojaribu kumtetea. Kila mtoto wa sokwe anayeuzwa nyuma yake kuna maiti. Anayefurahia kumshika hajaiona maiti hiyo, lakini ipo. Hata lile tabasamu la meno wazi linalochekesha watu kwenye video mara nyingi si kicheko. Sokwe akiyaonyesha meno yake namna ile, mara nyingi anaogopa.

Hapo Gombe paliishi mama aliyeitwa Flo, na mwanawe aliyeitwa Flint. Flo alikufa kwa uzee mwaka 1972. Flint alikuwa na umri wa miaka minane, wa kutosha kujitafutia chakula. Lakini aliacha kula, akadhoofika, na kabla mwezi haujapita akafa naye. Tulipowasimulia watoto habari hiyo, hakuna aliyeuliza tena kuhusu kumleta mmoja nyumbani. Na upande wa juu wa ziwa letu, Burundi, walikuwapo sokwe yatima waliookolewa kutoka mikononi mwa watu. Vita vilipoichafua nchi ile, kuanzia mwaka 1993 walihamishiwa Kenya, kwenye makazi maalumu ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, nchi ambayo haina sokwe wa porini kabisa. Wanatunzwa vizuri, lakini hawawezi kurudi nyumbani. Hayo ndiyo matunda ya mapenzi ya kushika.

Kuna na jambo la pili. Kifungua mimba wetu amekwisha kwenda Gombe. Wadogo zake hawajaenda, kwa kuwa watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuatilia sokwe msituni. Walilia. Inaonekana ni uonevu: mtoto wa Kigoma, mwenye mapenzi kuliko watalii wote, anakatazwa kuwaona majirani zake. Lakini sheria hiyo ina sababu, na sababu ni huruma. Sokwe wanafanana na sisi kwa mwili kiasi cha kuambukizwa magonjwa yetu, na watoto ndio wanaobeba mafua mara kwa mara. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliingia Gombe. Sokwe kadhaa walikufa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Ndiyo maana mgeni leo anakaa mbali nao, anazingatia muda aliopewa, na akiwa mgonjwa haendi. Tunawaambia watoto: kama unampenda, usimkohoe. Tunadhani hakuna mtoto asiyeielewa sentensi hiyo.

Wapo ndugu watakaotuuliza: katika mkoa ambao una watu maskini, katika mkoa uliopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi na wenye kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, mnapata wapi moyo wa kuzungumzia sokwe? Swali hili ni la haki, na Kanisa lenyewe limelitangulia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, kwamba wanamtukuza kwa kuwepo kwao tu, na kwamba tunapaswa kuwatendea kwa wema. Inawataja Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Filipo Neri kama mifano. Inasema kuwatesa au kuwaua ovyo ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Papo hapo inaonya kwamba haistahili kutumia kwa ajili yao fedha ambazo kwanza zingepaswa kuwaondolea watu taabu, na kwamba mapendo yanayowastahili watu tu hayapaswi kuelekezwa kwao. Sokwe si mtoto wetu. Kwa hiyo pia hapaswi kuvalishwa nepi.

Lakini asitokee mtu akautumia mwishoni mwa fundisho hilo kufuta mwanzo wake. Wanaozunguka Gombe wamejifunza kwamba mambo haya mawili huenda pamoja. Misitu ya nje ya hifadhi ilipokatwa, sokwe walibaki kama kisiwani, na watu nao waliona udongo wa mashamba yao ukisombwa na mvua kuelekea ziwani. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya eneo hili. Ulijengwa juu ya mahitaji ya wanavijiji wenyewe: vitalu vya miti, maji, mikopo midogo kwa akina mama, ufadhili wa masomo kwa wasichana. Ilikuwa imeeleweka kwamba sokwe hatapona mahali ambapo jirani yake binadamu ana njaa. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliandika jambo hilohilo katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinapaswa kusikilizwa kwa pamoja. Familia inayokwenda matembezi Dominika inaweza kutekeleza yote mawili kwa urahisi: kupita kwa mgonjwa wa Jumuiya njiani, kisha kwenda ziwani. Sisi hufanya hivyo, na watoto wameona kwamba ni siku moja ile ile.

Mafrateri wetu wapendwa, nanyi mtakutana na swali ambalo sisi tumekwisha kulipata: "Je, sisi tumetoka kwa sokwe?" Msilikimbie, kwa sababu kijana akiona padre analikimbia, ataamini kwamba imani inaogopa shule. Wanasayansi hawasemi kwamba binadamu ametoka kwa sokwe hawa tunaowaona. Wanasema sisi na wao tuna asili moja ya kimwili ya zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita. Papa Pius XII, katika Waraka wa Humani Generis wa mwaka 1950, hakukataza utafiti kuhusu asili ya mwili wa mwanadamu, ila alishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Mtakatifu Yohane Paulo II aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hiyo si dhana tupu tena. Kwa hiyo sisi huwaambia watoto: mikono ya sokwe inafanana na yenu kwa sababu Muumba ni mmoja, lakini ninyi mmeitwa kwa jina na mnaweza kumwitikia.

Tena tuwaambie watoto ukweli wote. Sokwe si malaika. Kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa kundi moja la Gombe waliwavizia na kuwaua, mmoja baada ya mwingine, madume wa kundi lililokuwa limejitenga nao. Jane Goodall aliumia kuyaona, lakini aliyaandika. Kumpenda kiumbe ni kukipenda kama kilivyo, bila kukipamba. Anayeweza kumpenda sokwe akijua hayo amekwisha kujiandaa kumpenda mke, mume au mtoto mwenye makosa yake.

Liko jambo moja zaidi tunalopenda kuwaambia akina baba, na hapa ni mume anayeandika kwa ridhaa ya mke wake. Kwa sokwe, mzigo wote wa malezi uko mgongoni mwa mama. Dume hajulikani kama baba wa mtoto fulani, wala hana siku ya kutembea naye. Hatumlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Lakini sisi hatukuumbwa hivyo. Sisi tuliapa mbele ya altare kuwapokea watoto na kuwalea. Baba ambaye kila Jumamosi yuko kijiweni na kila Dominika yuko kwenye banda la mpira, akamwachia mama watoto wote, asiwacheke wale wa Gombe. Kumlipia mtoto ada ni wajibu mkubwa, na tunajua ugumu wake. Hata hivyo ada haimshiki mtoto mkono akipanda kilima.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila familia ichague angalau Dominika moja kwa mwezi ya kutoka pamoja baada ya Misa, simu zikibaki mfukoni, hata kama ni kwenda hadi mtoni na kurudi. Pili, wazazi wawaeleze watoto wao ukweli kuhusu video za wanyama waliovalishwa nguo, na familia ikubaliane kutozisambaza, kwa sababu kila anayezisambaza anaongeza hamu ya wanunuzi. Tatu, parokia na seminari zetu zikitumie Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba, kuwatoa nje watoto wa Utoto Mtakatifu. Mwaka 1991 vijana 12 tu walikutana na Jane Goodall jijini Dar es Salaam, na hapo ukaanza mtandao wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo umeenea katika nchi nyingi. Parokia yenye watoto 200 wa katekesi haiwezi kusema haina pa kuanzia.

Mtoto wetu wa mwisho bado ana miaka mingi ya kungoja kabla hajaruhusiwa kwenda Gombe. Anangoja. Kwa sasa anachora sokwe kwenye daftari lake na kuwaombea katika sala ya jioni, pamoja na bibi yake anayeumwa miguu. Hatujamwambia aache hata kimoja. Tunawaomba na ninyi mtuombee, na Mungu azibariki familia zenu.